Aliyeitika kwa Jina la Vejsil

Mbao alizokuwa akilalia Vejsil zilikuwa na joto.

Zulfo aligundua kwa bahati tu, asubuhi moja ya kiangazi, alipoegemeza mkono pale ili avae kiatu. Aliuondoa mkono upesi, akaurudisha. Lilikuwa joto la mgongo wa mtu, lile linalobaki malaloni mwenyewe akishaamka, na lilikuwa bado halijapoa. Akatazama huku na huku amwone mvivu aliyejibanza pale, amtukane. Banda lilikuwa tupu, wenzake wote wako nje kwenye foleni ya chai. Alibaki yeye na mdogo wake Remzo, na Remzo alikuwa mgonjwa, kalala upande wa pili, hawezi hata kujigeuza bila kushikwa. Vejsil mwenyewe alikuwa amekufa tangu kabla theluji haijayeyuka.

Hapakuwa na mtu wa kulala pale. Juu ya zile mbao kulikuwa na koti la marehemu tu, limejazwa majani makavu, limefungwa kamba kiunoni na kufunikwa gunia hadi shingoni, ili anayechungulia kutoka mlangoni adhani ni mgonjwa. Kazi hiyo aliifanya Zulfo kwa mikono yake, na aliifanya kwa sababu ya mkate.

Lazima niseme ilivyokuwa, maana kwetu kwenye bonde la mto Drina watu wanapenda kumhukumu Zulfo huku wamekaa jikoni na tumbo limejaa. Kaizari wa Vienna aliwachukua vijana wetu kwenda kupigana na Mrusi, na Mrusi akawateka kwa makundi. Halafu akawapeleka kaskazini, huko ambako kiangazi jua halizami, wajenge reli ya kushushia silaha kutoka bahari ya barafu. Reli ilipita juu ya kinamasi. Mnasukuma toroli za udongo kutwa nzima, mnalaza mataruma ya mbao, mnapigilia vyuma, na kesho mkirudi tuta limezama, reli zinaning'inia hewani. Mnamwaga udongo tena. Mbu wanaingia mpaka kwenye supu. Supu yenyewe ni maji ya samaki wa chumvi, na ukitaka kuishi unaishi kwa kipande cha mkate mweusi.

Remzo alishikwa na kiseyeye. Fizi zilimvimba, meno yakalegea, miguu ikapiga weusi. Zulfo alikuwa anamtafunia mkate, anampa ukiwa laini, kama walivyofanyiwa wote wawili na mama yao Devleta walipokuwa wadogo. Na Devleta, siku walipoitwa vitani, hakulia. Alisimama kizingitini, akasema, "Mmetoka wawili, rudini wawili. Zulfo, ukija peke yako, mlango utaukuta umefungwa." Zulfo aliyabeba maneno hayo kwenye vita vyote vya Galicia, akayabeba mpaka kinamasini.

Vejsil alikuwa wa kijiji chao, mwadhini wa msikiti mdogo wa mbao, mtu wa utani mwingi na uoga mmoja. Njaa hakuiogopa, wala risasi. Aliogopa kuwa peke yake. Kila walipolala alikuwa anauliza, "Nani yuko macho?" na hatulii mpaka mtu aseme, "Mimi. Lala." Wenzake walimcheka, lakini walimjibu.

Basi Vejsil akaugua, akafa usingizini, baridi ikiwa bado kali. Asubuhi Yefim, mlinzi wa banda, akaja kuita majina ya wagonjwa. Yefim alikuwa anaogopa homa ya chawa kama nini. Hakuvuka kizingiti hata siku moja. Alisimama mlangoni, akaita kuelekea gizani, na kila aliyeitika alihesabiwa hai na kuandaliwa mkate. Akaita, "Vejsil!" Zulfo alikuwa amechutama kwa Remzo, ameushika ule mguu mweusi. Hakupanga kitu. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, akasema kwa sauti nzito isiyo yake, "Nipo!"

Mkate ukaja, Remzo akala. Kesho yake Zulfo akaitika tena, na kesho kutwa.

Theluji ilipolegea, maiti ikaanza kutoa harufu. Zulfo akamwomba Ami Bego amsaidie. Bego alikuwa mzee wao, mtu mzima kuliko wote, mchemsha chai wa kambi. Wakambeba Vejsil kwenye gunia mpaka kwenye tuta, wakammwagia toroli za udongo, haraka haraka, bila maji wala sanda.

"Tumsalie basi," Bego alinong'ona. "Dakika mbili tu."

"Mlinzi ataona. Tutamsalia kesho, Ami."

Kesho hiyo haikufika. Zulfo alijua moyoni kwamba ukimsalia mtu umekiri amekufa, na mkate wa mdogo wake ulitaka Vejsil awe hai.

Sasa mbao zilikuwa na joto. Zulfo alijiambia ni jua, maana jua halikuwa linalala. Akajiambia ni panya. Hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye alichelewa. Alikuwa bado anateka maji nje Yefim alipofika mlangoni. Akadondosha ndoo, akakimbia, akijua akichelewa jina litafutwa na Remzo ataumia. Alifika nyuma ya mgongo wa Yefim, akihema, akafungua mdomo.

"Vejsil!" Yefim aliita.

"Nipo!" ikajibiwa kutoka ndani.

Haikuwa sauti ya kuigiza. Ilikuwa sauti ya Vejsil, ile ya kuadhini, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Yefim akatikisa kichwa, akaendelea na jina linalofuata. Zulfo alibaki amesimama mdomo wazi, maji yanamchuruzika miguuni, na ndani ya banda harufu ya tope la kinamasi na lami ya mataruma ikamjia puani, harufu ya pale walipomfukia.

Tangu hapo hakuhitaji tena kuitika. Mtu mwingine alikuwa anaitika kabla yake.

Halafu likaja lile swali. Ilikuwa wakati wa kulala, jua likiwa jekundu kwenye nyufa za ukuta, watu wamejifunika makoti usoni wapate giza la kuleta usingizi, na katikati ya kukoroma na kukohoa na kujikuna sauti ikasema polepole, karibu sana na sikio la kila mmoja, kama mtu asiyetaka kusumbua, "Nani yuko macho?"

Kukoroma kote kukakatika. Wote walikuwa macho, na hakuna aliyesema. Zulfo alijiuma kidole, akasikia mbao za mbele yake zikilia kama mtu anajigeuza, kisha majani makavu yakichakarika ndani ya koti, kisha pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayengoja jibu na ameshaanza kujua kwamba hatapewa, na ile pumzi ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi, mpaka Zulfo akaona afadhali apige kelele apigwe bakora na walinzi kuliko kuendelea kuisikiliza.

"Nani yuko macho?"

"Mimi," Remzo akasema. "Lala, Vejsil."

Ile pumzi ikatulia.

Asubuhi Zulfo alimshika mdogo wake mabega. "Wewe una wazimu? Unamjibu nani?"

"Mwenzetu," Remzo alisema, taratibu, midomo imepasuka. "Ana baridi, kaka. Anasema huko chini hasikii mtu. Anasikia treni ya udongo tu ikipita juu yake."

"Amekufa, Remzo!"

"Mbona wewe kila siku unamwambia Yefim yupo?"

Na kuanzia siku ile Remzo akaacha kula ule mkate wa Vejsil. Aliuweka kwenye mbao zile, chini ya gunia. Jioni Zulfo akiuchukua anaukuta mzima, hauna alama ya jino, lakini ukiutia mdomoni hauna ladha hata chembe, ni kama kutafuna udongo. Remzo alikuwa anakonda huku anatabasamu. Mchana kutwa, wenzake wakiwa kazini, alikuwa anazungumza peke yake, na walioachwa wagonjwa pamoja naye waliomba wapelekwe kazini wangali na homa.

Zulfo akamfuata Bego kwenye pipa la chai. Mzee alikuwa anamwaga masalio ya maji ya moto, na kama kawaida yake alisema kwanza "Bismillahi," akangoja kidogo, ndipo akamwaga. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Maji ya moto hayamwagwi nje kimyakimya, usije ukawaunguza wasioonekana na watoto wao wakakulipizia. Devleta alikuwa akiwachapa wanawe makofi walipokuwa wakisahau.

"Ami, kuna kitu bandani."

"Nakijua. Nakisikia kama unavyokisikia."

"Ni mzimu wa Vejsil?"

"Vejsil kaenda zake kwa Mola wake. Huyu ni pacha wake." Bego aliangalia pembeni, akashusha sauti. "Kila mwanadamu anazaliwa na jini lake, saa moja naye. Linakula naye, linalala naye, linajua utani wake wote. Mtu akifa, watu wakalia, wakaosha, wakasali, jini linaelewa kwamba safari imekwisha, linakwenda zake. Sisi tulifanya nini? Tulimfukia kama mbwa, halafu kila asubuhi tunatangaza yuko hai. Maskini linangoja. Linaitika likiitwa. Wewe ungefanya nini?"

"Litamchukua Remzo?"

"Linatafuta mwenza. Na kwetu lingengoja maghribi, lingejua muda wa kuja na muda wa kuondoka. Huku maghribi yenyewe haiji. Hata wao wamepotea."

Bego alikuwa anajua kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina majini, dawa ya hofu, aliyojifunza kwa mama yake. Ni kazi ya wanawake, na kambini walikuwa wanamtania kwa hilo, "Bibi Bego, njoo unizingue!" Siku ile hakuna aliyetania. Walimkalisha Remzo, wakamfunika gunia kichwani, Zulfo akashika bakuli la maji juu ya utosi wake. Bego akayeyusha risasi kwenye kijiko cha chuma, akasoma, akaimimina. Maji yakapiga kelele, mvuke ukaruka. Kwa mtu aliyetishwa, risasi ile huganda na miiba na pembe, na kila mwiba ni hofu inayotoka. Bego aliitoa majini akaigeuza kiganjani. Ilikuwa laini yote, mviringo, haina hata kikwaruzo.

"Nini maana yake?" Zulfo aliuliza.

"Hana hofu. Hana hofu hata kidogo." Mzee akaiweka ile risasi chini. "Nitatoa nini mimi hapa? Amelipenda. Zulfo, mwanangu, dawa ni moja. Kesho Yefim akiita, sema kweli. Tukamsalie Vejsil, limalizike."

"Na mkate?"

"Mkate utakatwa."

"Remzo atakufa, Ami."

"Sasa hivi anakula nini?"

Zulfo alilia pale pale, mbele ya pipa la chai, na hakuona haya.

Kesho yake Yefim akasimama mlangoni. "Vejsil!"

"Nipo!" sauti ikasema, kwa uchangamfu, kama mtoto aliyewahi darasani.

"Hayupo," Zulfo akasema kwa nguvu. "Amekufa. Vejsil wa Drina amekufa tangu theluji. Tumemzika tutani. Amekufa!"

Yefim alitazama ndani ya giza, akamtazama Zulfo. "Nani basi aliyeitika?"

Yefim akapiga ishara ya msalaba, akarudi kinyumenyume mpaka akajikwaa. Zulfo alipigwa bakora kwa mkate wa wizi, na baada ya bakora waliruhusiwa kwenda tutani. Bego akatangulia, wachache wakasimama nyuma yake kwenye udongo unaotitia, wakamsalia Vejsil sala ya maiti. Waliporudi bandani, Zulfo aliweka kiganja kwenye zile mbao. Zilikuwa baridi. Koti lilikuwa limenywea, majani yamemwagika sakafuni.

Remzo aligeukia ukuta. "Mmemfukuza," alisema. "Alikuwa hamdhuru mtu."

Hakupona. Mkate mmoja haukutosha wawili. Bego alipelekwa mbele na kundi jingine, kwenye kambi nyingine ya reli hiyo hiyo, na Zulfo hakumwona tena duniani. Jua likaanza kuzama, kwanza kidogo, halafu likawa linachelewa kurudi. Wakati wa kulala Remzo ndiye aliyekuwa anauliza sasa, kwa sauti ya kukwama kooni, "Nani yuko macho?" na Zulfo anasema, "Mimi, mdogo wangu. Lala." Usiku mmoja hakuuliza. Zulfo alingoja lile swali mpaka kukapambazuka. Halafu akanyoosha mkono na kumgusa.

Yefim alikuja. Aliita jina. Banda zima lilijua, na banda zima lilikuwa linamtazama Zulfo.

Zulfo alikuwa anaijua sala ya maiti, na dawa alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote pale. Akamkumbuka mama yake kizingitini, akaziona mbao tupu za Remzo, safari yote ile ya kurudi, na yeye peke yake.

"Nipo," akasema kwa sauti ya Remzo.

Mkate hakuula. Aliwapa wengine, wakaupokea bila kumtazama. Usiku alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka tutani, akamlaza vizuri kuliko walivyomlaza Vejsil, lakini hakumwosha na hakumsalia. Akarudi, akajaza koti majani, akalifunga kamba kiunoni. Kisha akakaa mbele yake siku baada ya siku, akingoja kama anavyongojea mtu barua kutoka nyumbani. Na asubuhi ile mbao zilipokuwa na joto, na Yefim akaita, na ikajibiwa kabla yake, Zulfo alijifunika uso akalia kwa furaha. Nadhani hapo ndipo alipopotea. Sijui nani kati yetu asingepotea.

Vita vikaisha, Kaizari akaisha, na mateka wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa miguu na kwa treni za mizigo. Zulfo alifika kijijini wakati wa maboga ya mwisho shambani, jioni, taa zikiwa zimewashwa. Devleta alikuwa jikoni. Aliposikia hatua uani alifungua mlango akiwa na birika la maji ya moto mkononi, akamwona mwanawe mkubwa, mfupa na ngozi, nyuma yake hakuna mtu.

Hakumkumbatia. "Remzo yuko wapi?"

Zulfo alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, amelibeba njia nzima, na halikutoka.

"Nipo, mama," ikasema sauti kutoka gizani, chini ya mti wa plamu.

Birika lilitikisika. Harufu ya tope na lami ikapanda mpaka kizingitini. Devleta alitazama chini ya mti, hapana mtu. Akautazama uso wa Zulfo kwa muda mrefu, akaelewa. Hakuwa mwanamke wa kudanganywa. Alisimama wima, akainua birika, akasema kwa sauti kali, "Bismillahi!" na kumwaga maji ya moto mbele ya kizingiti. Mvuke ukatanda. Hatua za mtu zikarudi nyuma mbio, zikaishia kwenye geti.

Kisha kutoka kwenye geti, mbali, kwa sauti ya mtoto aliyefokewa na hajui kosa lake: "Mama?"

Devleta aliweka birika chini. Zulfo alikuwa amepiga magoti kwenye udongo uliolowa. Mama yake akamnyanyua, akamwingiza ndani, na mlango akauacha wazi nyuma yao.

Alitandika magodoro mawili. Na sisi majirani ndio tuliona, miaka yote iliyofuata, kwamba Devleta akitaka kumwaga maji ya moto alikuwa anatoka nayo mpaka mbali, nje kabisa ya ua, anachungulia kushoto na kulia kama anayehofia kumwumiza mtu, anayamwaga taratibu, na mdomo ameufunga, bila Bismillahi. Usiku, ukipita karibu na dirisha lao baada ya taa kuzimwa, ulikuwa unasikia swali moja, na jibu halikuchelewa.

"Nani yuko macho?"

"Mimi, mwanangu. Lala."